Kisu Kimekwisha Kazi, Dawa ya Nini?



Jumapili ya kwanza ya Kwaresima mama mmoja wa shirika letu alinifuata baada ya Misa. Alikuwa amekatwa titi kwa ajili ya kansere, na kidonda kilikuwa bado kufungana vizuri. Alinivuta kando, karibu na mlango wa sakristia, akaniuliza kwa sauti ndogo: «Mwalimu, wewe ulipita njia hii. Sasa wananiambia niende kutiwa ile dawa ya mshipani. Niikubali, ao niiache?»

Nilifungua mdomo nimjibu upesi, kisha nikaufunga. Nilimwambia: «Mama, njoo kwangu siku ya pili jioni. Nitakueleza niliyoyaona. Lakini neno la ndiyo ao hapana sitaliweka mimi kinywani mwako.» Haya ndiyo niliyomweleza. Nayaandika hapa kwa sababu najua kwamba si yeye peke yake anayeulizwa swali hilo.

Mwaka 2016, nikioga, niligusa kitu katika titi la kushoto, kigumu, kidogo kama punje ya mahindi. Hakikuniuma, basi nilinyamaza. Nilinyamaza miezi mitano, na hilo ni kosa langu mwenyewe. Kansere ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni, na kutouma kwake ndiko kunakotudanganya. Mwezi wa sita nilipasuliwa katika hospitali moja ya Bukavu.

Nilipoamka, mganga alisimama karibu na kitanda, akasema: «Mama, tumetoa yote tuliyoyaona.» Nilisikia «tumetoa yote». Neno la nyuma, «tuliyoyaona», halikuingia katika masikio yangu. Nilirudi nyumbani, tukatoa nia ya Misa ya shukrani, wakwe na jirani wakaja, tukala ugali na sambaza, na kila mtu akasema: Ugonjwa umekwisha.

Kumbe kipande cha nyama walichokitoa kilikuwa kimepelekwa kupimwa, na karatasi ya jibu ilikaa katika sanduku la meza ya watu fulani karibu majuma saba. Mganga alipoipata aliniita. Walikuwa wametoa tezi 12 katika kwapa langu, na katika tezi 2 walikuta kansere. Akaniambia: «Yafaa uende kutiwa dawa wanayoiita shimioterapi, mara 8, kila siku 21. Na kama utakubali, usikawie. Ni vizuri ianze kabla ya miezi 3 kupita tangu siku ya kisu.»

Nilihesabu kwa vidole. Yalibaki majuma sita tu.

Wasomaji, mtu akikuambia unywe dawa wakati unaumwa, unakubali bila kuuliza. Lakini mimi sikuumwa tena. Nilikuwa ninakula, ninacheka, ninatengeneza masomo ya darasa langu. Niliwaza: Kisu kimekwisha kazi, sasa dawa ya nini? Mtu mzima atawezaje kwenda kutafuta ugonjwa wa kutapika?

Baraza la jamaa lilikutana nyumbani kwetu. Kila mmoja alikuwa na neno lake, na hakuna hata mmoja aliyesema kwa kunichukia.

Shemeji mkubwa alianza: «Safari ya Rwanda mara 8, na malazi, na chakula, na mtu wa kukusindikiza. Fedha hizo zitatoka wapi? Kuna ng'ombe wawili tu, na hao ni wa mahari ya kijana wenu mkubwa. Tutauza mahari ya mtoto kwa kutibu mtu aliyekwisha kupona?»

Mama mkwe alisema: «Dawa ile ni sumu. Nimemjua mwanamke aliyeitiwa, akakonda, akafa. Kuna majani ya kusafisha damu. Mtoto wangu, ngoja nikuchemshie.»

Jirani mmoja mwenye kusali sana aliniambia kando: «Mungu amekwisha kukuponya, na sisi tulimshukuru mbele ya altari. Ukienda kutafuta dawa nyingine, si utakuwa umemwambia kwamba kazi yake haikutosha?»

Na mume wangu alinyamaza. Alitazama chini tu, na kunyamaza kwake kulinitia hofu kuliko maneno ya wote.

Siku ya pili nilikwenda kwa Padri Paroko. Nawaambia ukweli: nilikwenda ili aniamuru. Kama angesema «Ni dhambi kukataa», ningekwenda. Kama angesema «Kaa nyumbani», ningekaa. Katika hali zote mbili mzigo ungekuwa wake.

Alikataa kuuchukua. Alinieleza kwamba tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII, akisema na waganga wenye kazi ya kulaza wagonjwa usingizi wakati wa kupasuliwa, alifundisha kwamba mtu anapaswa kulinda uhai wake kwa njia za kawaida, kadiri ya hali yake, mahali na wakati, yaani njia zisizomletea mzigo mzito kupita kiasi, yeye ao mwingine. Njia zinazozidi hapo anaweza kuzishika, lakini hapaswi. «Mwalimu,» akasema, «kuomba na kutumia dawa havipigani. Lakini kama dawa hii, kwako wewe na kwa nyumba yako, ni mzigo wa kubebeka ao haubebeki, mimi sijui. Wala wewe hujui bado, kwa maana hujamwuliza mganga hata swali moja. Umewauliza wote, isipokuwa yeye.»

Niliona haya, kwa sababu ilikuwa kweli. Usiku ule nilichukua daftari ya shule nikaandika maswali matano: Ugonjwa uko wapi sasa? Dawa itafanya nini? Nikiiacha itakuwaje? Itanidhuru nini? Je, kuna njia nyingine?

Nilirudi kwa mganga na mume wangu. Mganga alipoona daftari alitabasamu, akafunga mlango.

Swali la kwanza alilijibu hivi: «Pengine hauko popote. Pengine kuna mbegu ndogo zilizotoka katika titi kabla ya kisu, zikapita katika tezi, zikaenda na damu mpaka katika mifupa, ao mapafu, ao ini. Ni ndogo mno. Hakuna picha inayoweza kuzionyesha. Tezi zako 2 zinatuambia kwamba mlango ulikuwa umefunguka. Hazituambii kama kuna aliyepita.»

Nilimwuliza kama ni kweli kwamba dawa ni sumu. Hakuficha. Alisema kwamba moja ya dawa hizo ni ya ukoo wa gesi ya sumu ya vita vya 1914 mpaka 1918. Waganga waliona kwamba gesi ile iliua chembe nyeupe za damu, na mwaka 1942 huko Marekani walianza kumpa mgonjwa wa kansere ya tezi dawa ya ukoo ule. Dawa ya pili, nyekundu, doksorubisini, ilitoka kwa kijidudu cha udongo wa Italia. Ya tatu, paklitaseli, ilipatikana kwanza katika gamba la mti mmoja wa Marekani. (Mama mkwe alipoelezwa hilo baadaye, alicheka mpaka akashika mbavu: «Kumbe na wao huchemsha miti!») Sumu hiyo huua chembe zinazozaana upesi. Kansere huzaana upesi. Lakini mizizi ya nywele nayo huzaana upesi, na ngozi ya ndani ya kinywa na tumbo, na chembe za damu. Ndiyo sababu nywele huanguka, na kinywa hufanya vidonda, na mtu hutapika. Ikiisha dawa, hivyo karibu vyote hurudi.

Aliniambia pia kwamba kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Mwaka 1958 mganga Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, na katika miaka ile ya 1960 watoto kadhaa wa ugonjwa ule walipona huko Kampala kwa dawa za namna hii, hata Taasisi ya Kansere ya Uganda ikaanzishwa mwaka 1967. Na mwaka 1976 mganga Gianni Bonadonna na wenzake wa Milano walitangaza kwamba wanawake waliokatwa titi, wenye kansere katika tezi kama mimi, ugonjwa uliwarudia wachache zaidi walipopewa dawa baada ya kisu.

«Basi itaniponya?» nilimwuliza.

Mganga alichukua kipande cha karatasi akachora vijiti 30, kama tunavyofundisha watoto wa mwaka wa kwanza kuhesabu. Akasema: «Hesabu hii ni mfano tu, Mwalimu, usiishike kama ni yako. Tuseme hawa ni wanawake 30 waliokatwa kama wewe. Hawakunywa dawa. Tuseme 9 ugonjwa unawarudia na kuwaua.» Akaviwekea vijiti 9 alama ya msalaba. «Sasa wote 30 wanapewa dawa. Mwaka 2012 waganga walikusanya habari za wanawake karibu 100,000 katika majaribio 123. Waliona kwamba dawa nzuri za namna hii hupunguza vifo vya kansere ya titi kwa kadiri ya theluthi moja. Basi badala ya 9, watakufa 6.» Akafuta misalaba 3.

Nilikaa nikitazama karatasi ile. Vijiti 21 havikuhitaji dawa, wataipata bure na taabu yake. Vijiti 6 vitaipata na kufa hata hivyo. Vijiti 3 vinaokolewa.

«Mimi ni kijiti gani?» nilimwuliza.

«Hakuna anayejua,» akasema. «Wala baadaye hutajua.»

Alinieleza na hatari nyingine bila kupunguza: homa ya ghafula wakati chembe nyeupe zimeshuka, ambayo yaweza kuua kama mtu hakimbilii hospitali, moyo kudhoofika, ndiyo sababu wataupima kwanza, hedhi kukoma, ganzi katika vidole. Juu ya njia nyingine alisema kwamba karatasi ilionyesha kansere yangu hulishwa na homoni za kike, kwa hiyo vidonge vya tamoksifeni kwa miaka 5 vitanisaidia kwa vyovyote, na ningeweza kuchagua hivyo peke yake. Lakini kwa umri wangu wa miaka 41, na tezi 2, yeye alishauri vyote viwili. Alikuwa wa kwanza kunishauri bila kuniamuru wala kunitisha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu alinyamaza tena. Jioni, baada ya watoto kulala, kijana wetu mkubwa aliingia. Alikuwa amesikia habari zote nyuma ya ukuta. Alisimama kama mwanafunzi mbele ya ubao, akasema: «Baba, mama, mahari itangojea. Nitaoa mwaka mwingine.» Akatoka mbele hatujamjibu. Hapo mume wangu alilia, nami nikajua kwa nini alikuwa ananyamaza: alikuwa anaogopa kuchagua kati ya mkewe na mwanawe, na mwana alikuwa amemfungulia njia.

Lakini si ng'ombe aliyeniamulia. Niliketi peke yangu na daftari yangu. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka 6. Nilifikiri: Kama ugonjwa utarudi nami sikunywa dawa, nitaweza kuibeba siku hiyo? Kama utarudi nami nilikunywa, nitaweza? Ya pili niliona nitaibeba. Ya kwanza, kwa ajili ya kitinda mimba yule, niliona haibebeki. Huo ndio uliokuwa mzani wangu. Niliandika chini ya maswali yangu: Nitakwenda.

Tuliuza ng'ombe mmoja. Mwisho wa Agosti 2016 nilivuka daraja la Rusizi, nikapita katika msitu wa Nyungwe, nikafika Kigali, na kutoka hapo nikapanda mpaka Butaro, juu ya vilima vya kaskazini ya Rwanda, mahali ambapo kituo cha kutibu kansere kilifunguliwa mwaka 2012. Dawa nyekundu iliingia polepole katika mshipa wangu. Siku ile mkojo nao ulikuwa mwekundu. Kama hawangenionya ningepiga kelele.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Juma la tatu nywele zilibaki katika mkono wangu kama nyuzi za kitambaa kilichooza. Nilifunga kitambaa kichwani, na watoto wa shule wakanizoea. Dawa ya kuzuia kutapika ilinisaidia, lakini harufu ya sombe, chakula ninachopenda, ilinishinda miezi mingi. Baada ya sindano ya tatu homa ilinipanda usiku, nikapelekwa hospitali kabla ya mapambazuko, nikakaa humo siku sita. Siku zile nilitaka kuacha. Na sindano za mwisho ziliniachia ganzi, hata chaki ilianguka kutoka katika vidole vyangu mbele ya darasa zima. Sindano ya nane niliipata Januari 2017.

Sasa yanisikilize maneno haya ya mwisho, wewe uliye na karatasi ya mganga mkononi.

Katika chumba cha kungojea nilikutana na bibi mmoja wa upande wa Walungu, umri wake kupita miaka 75. Uvimbe wake ulikuwa mdogo, tezi zake safi, moyo wake dhaifu. Waganga walimweleza kwamba kwake faida ya sindano ni ndogo na hatari ni kubwa. Aliwasikiliza, akachagua vidonge na nyumba yake. Akaniambia: «Binti yangu, mimi nina migomba ya kutunza.» Alikufa mwaka 2021, kwa moyo wake, si kwa kansere, kati ya wajukuu wake. Alichagua vizuri.

Nilikutana pia na dada mmoja mdogo kuliko mimi. Tulishikana mikono katika sindano zetu. Alimaliza zote 8, hakukosa hata moja. Mwaka 2019 ugonjwa ulirudi katika mapafu, akafa. Naye alichagua vizuri. Kwa maana uchaguzi haupimwi kwa mwisho wake, ambao hakuna mtu anayeuona mbele. Hupimwa kwa namna ulivyofanywa: umeuliza? umeelezwa ukweli? umepima mzigo wako na wa nyumba yako? umeamua mwenyewe, bila kutishwa na bila kusukumwa na aibu?

Na mimi? Nilimeza vidonge miaka yote 5, nikaviacha mwaka 2022. Kijana mkubwa ameoa. Kitinda mimba sasa ananipita kwa urefu. Watu huniambia: «Dawa ilikuponya.» Siwapingi, lakini moyoni nakumbuka karatasi ya vijiti. Labda mimi ni mmoja wa wale 3. Labda ni mmoja wa wale 21, na kisu peke yake kilikuwa kimetosha. Sitajua kamwe, na nimejifunza kulala usingizi hata hivyo.

Yule mama alikuja siku ya pili jioni, kama tulivyopatana. Nilimweleza haya yote. Nilimwonya pia kwamba njia yangu ya 2016 isiwe kipimo chake: ugonjwa wake una karatasi yake, na mahali pa matibabu na barabara hubadilika. Kisha nilichana kurasa nilizoziandika katika daftari ile ya zamani, nikaacha maswali matano tu, nikampa na kalamu. Tulikwenda pamoja kwa mganga. Aliuliza yote matano, akaongeza la sita ambalo mimi sikulifikiri: «Nani atawatunza watoto wangu siku za homa?»

Alichochagua ni chake, nami sitakiandika hapa. Nawaambia tu kwamba alitoka mle ndani ameinua kichwa.